Shule ya bodingi inaleta IB na bweni jipya, nimwache binti ama nimtoe?

Mama Neema, South B
Habarini wazazi wenzangu. Naombeni mawazo, na kama kuna mtu ameshapitia hii njia aniambie ukweli. Binti yangu yuko Year 10 kwenye shule moja ya kimataifa ya bodingi upande wa Limuru, anafanya IGCSE, ile mitihani ya mtaala wa Uingereza. Juzi shule imetuma barua kwa WhatsApp, kurasa tisa, mambo mapya matupu: A level inayofuata IGCSE wanaiondoa, wanaleta IB Diploma (International Baccalaureate, ya kimataifa, miaka miwili ya mwisho) na nyingine ya IB inaitwa CP, bweni jipya la wasichana wakubwa, maabara ya roboti, na mtoto ataweza kulala huko Jumatatu hadi Ijumaa kisha arudi nyumbani wikendi. Karo inapanda pia, hiyo wameiweka ukurasa wa mwisho. Kazini kwa mzee wanatulipia nusu, nusu ile ingine inatoka kwa kaduka kangu ka nguo, kwa hivyo hapa siwezi kubahatisha. Barua inasema shule "iko safarini kujiunga na IB". Hiyo safari ni nini jameni? Neema amefurahia roboti, mimi silali.

Baba Pacha
Mama Neema, anzia hapo hapo kwa safari. Shule hairuhusiwi kufundisha Diploma mpaka IB waiidhinishe, na kila programu inaidhinishwa kivyake, yaani wakipata Diploma haimaanishi wamepata CP. Kabla ya hapo shule ni mwombaji tu na inaweza kukosa. Ingia kwa tovuti ya IB yenyewe utafute jina la shule, utaona kama imeidhinishwa, usitegemee brosha. Halafu waulize kwa maandishi, si kwa simu: Neema akifika Year 12 na bado hawajaidhinishwa, A level itakuwepo?

Diploma yenyewe ni nzuri lakini ni nzito. Masomo sita, matatu ya kiwango cha juu (HL) na matatu ya kiwango cha kawaida (SL), kila moja mwisho alama 7, kisha alama 3 zinatoka kwa esei ndefu na TOK, somo la nadharia ya maarifa, ndio unasikia watu wakisema 45. Kupita ni kuanzia 24 na kuna masharti mengine juu yake, pamoja na CAS, ile ya ubunifu, michezo na kuhudumia jamii, hiyo haina alama lakini asipoimaliza hapati cheti. CP ni ya mtoto ambaye tayari anajua kazi anayoitaka, anachukua masomo mawili au zaidi ya Diploma pamoja na kozi ya taaluma. Na tafadhali angalia hesabu, tangu 2019 ziko mbili, AA ya uchambuzi na AI ya matumizi. Kijana wangu mmoja alienda AI kwa sababu marafiki wako huko, wakati wa kuomba uhandisi nje tukakuta vyuo alivyovitaka vinataka AA ya HL, tulihangaika mwaka mzima. Hapa nyumbani nako KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, inapanga wenye KCSE, wa IB anaomba chuo mwenyewe, hilo pia mlipigie hesabu mapema.

Mama Zawadi, Rongai
Baba Pacha amesema kweli ila asikutishe sana. Zawadi wangu alimaliza mwaka jana na kitu kilichombadilisha ni hiyo esei ya maneno 4,000. Aliandika kwa Kiswahili, kuhusu maandishi ya kwenye matatu. Likizo yote ya Agosti alikuwa steji ya Railways na daftari, ananakili kila kitu kilichoandikwa nyuma ya gari za Rongai, makanga wakadhani ni kanjo, askari wa jiji, wakaanza kumkwepa, mpaka mmoja akamuuliza unaandika nini msichana, akamweleza, basi tangu siku hiyo wakawa wanamwita wenyewe "njoo uone hii mpya". Mtoto ambaye alikuwa anaona Kiswahili ni somo la kupitia tu! Mimi ningemwacha, bora tu kuwe na mwalimu wa kumsimamia. Uliza nani amewahi kufundisha IB hapo, na ni wangapi.

Matroni Mstaafu
Mnaongea masomo sana. Mimi nimelea watoto wa watu kwenye mabweni kwa miaka 17, mama, nenda ukaone hilo bweni jipya kwa macho yako. Mwongozo wa usalama wa Wizara ya Elimu wa 2008 unasema kitanda na kitanda mita 1.2, njia ya katikati isipungue mita 2, milango ifungukie nje, madirisha yasiwe na vyuma. Kuna shule nilifanya kazi mlango wa dharura ulikuwa na kufuli, ufunguo uko kwa soja wa geti, na soja usiku anazunguka. Nilipiga kelele wiki mbili ndio wakaitoa. Tulivyowazika wavulana 21 walioungua bwenini Nyeri 2024, mzazi asione haya kupima. Na uliza hili: mtoto akiamka saa nane usiku pumu imembana, anabisha mlango wa nani, na huyo mtu ana wasichana wangapi peke yake?

Mama Neema, South B
Asanteni sana, nimerudi. Shule bado ni mwombaji wa Diploma, CP haipo kabisa. Jumamosi nilienda na futi yangu ya kushonea. Kati ya vitanda nimepata mita 1.3, mlango wa dharura nimeusukuma mwenyewe ukafunguka, lakini madirisha ya ghorofa yana vyuma, mkuu akasema vitatolewa kabla muhula uanze, nikamwambia aniandikie. Matroni ana wasichana 34 peke yake. Mama mpole, alinionyesha mlango wake na kengele, na Neema akasema alishawahi kumgongea usiku akiumwa na tumbo, mimi sikuwa hata najua. Nikamwomba mkuu amwongezee msaidizi wa usiku kabla ya kununua roboti, akaandika kwa kitabu. Neema atamaliza IGCSE hapo, hilo tumekubaliana na mzee. Jibu la A level wamesema Jumatano.

Matroni Mstaafu
Vyuma vikitolewa rudi uone, usisubiri picha.