Altezza manuali: pedali ya breki inazama nikishuka Tukuyu–Kyela, nianze na nini?

Mwana_Uyole:
Habari wakuu. Nipo Mbeya, nina Toyota Altezza RS200, ile ya injini ya 3S-GE na gia sita za mkono. Naipenda kwa jinsi inavyotii usukani kwenye kona. Shida ni breki. Nikishuka Tukuyu kwenda Kyela, katikati ya mteremko pedali inalegea na kuzama karibu na sakafu. Nikipaki ikapoa, inarudi ngumu kama kawaida. Hela kidogo ninayo: ninunue springi fupi niishushe gari, au nifunge breki kubwa? Halafu, mbona Dar ilikuwa inavuta kuliko huku?

FundiMwanjelwa:
Mkuu, springi ziache kwanza. Pedali inayolegea kwenye joto na kurudi ikipoa maana yake mafuta ya breki yanachemka. Mafuta hayabanwi ila mvuke unabanwa, kwa hiyo mguu wako unaubana mvuke na pedi hazisukumwi. Ingekuwa pedali ni ngumu lakini gari haisimami, ningesema pedi zimezidiwa na moto.

Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani. DOT ni daraja la mafuta ya breki: DOT 4 mapya yanatakiwa kuvumilia angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka, lakini yakishanyonya maji kiwango kinashuka hadi 155. DOT 3 ni 205 na 140. Ya kwako yamebadilishwa lini?

Mwana_Uyole:
Aliyeniuzia hakuniambia. Yana rangi ya chai kavu.

FundiMwanjelwa:
Basi tumeshapata pa kuanzia.

Mwalimu_wa_Iringa:
Naongezea hesabu kidogo, maana wengi hatuoni ukubwa wa kazi ya breki. Tukuyu hadi Kyela unashuka karibu mita 1,000. Kama breki pekee zingebeba mteremko wote, joto lake ni sawa na kuisimamisha gari kutoka spidi 100 mara 25 hivi, na hesabu haibadiliki gari iwe nzito au nyepesi. Upepo na injini hupunguza mzigo huo, ndiyo maana gia unayoshukia ina uzito kuliko kifaa chochote utakachonunua.

Diski kubwa hubeba joto zaidi, hilo ni kweli. Ila kama breki ulizonazo zinaweza kufunga magurudumu, kubwa hazitakusimamisha mapema zaidi kwa kukanyaga mara moja. Hapo anayeamua ni tairi.

Kuhusu nguvu: Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15. Injini yako haina tabo (turbo, ya kuisukumia hewa ya ziada), inavuta hewa hiyo hiyo nyepesi, ndiyo maana nguvu imepungua. Usidanganywe ukanunua filta ya hewa ya bei mbaya ukidhani itairudisha nguvu hiyo.

Kitonga_Daima:
Mimi ni dereva wa lori, Tanzam, ile barabara kuu ya Tanzania–Zambia. Kwenye mteremko wa Kitonga gia unaichagua kabla mteremko haujaanza, ukisubiri katikati umechelewa. Kaa gia ya tatu, spidi ikipanda kanyaga kwa nguvu ipungue, kisha achia kabisa diski zipate upepo. Ukiweka mguu juu ya pedali muda wote unazipika. Na usiweke frii (gari bila gia), kaka, hata kama mafuta ya petroli yamepanda bei.

Kona_za_Chunya:
Kuhusu springi naomba nikuzuie kwa upendo. Altezza ina mikono ya juu na ya chini kwenye magurudumu yote manne, na pembe zake zimepimwa kwa kimo kile ilichotoka nacho. Ukiishusha sana, pembe za tairi zinabadilika na shokapu zinagonga mwisho kwenye matuta, kisha tairi inaruka badala ya kushika lami. Kwenye barabara zetu zenye viraka unapoteza usukani huo huo unaoupenda. Magari ya Safari Rally, kama Subaru Impreza aliyoshindia Colin McRae mwaka 1997, yaliinuliwa. Hela ya springi nunua tairi nne nzuri zinazofanana, upime na alaimenti (mpangilio wa pembe za magurudumu).

Mwana_Uyole:
Nimewaelewa, asanteni sana. Fundi, nachukua DOT ipi?

FundiMwanjelwa:
DOT 4, chupa iliyofungwa. Ukipata 5.1 sawa, ila DOT 5 ni silikoni, haichanganywi na haya. Toa ya zamani yote, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali), endelea mpaka yatoke safi bila mapovu. Magurudumu yakiwa yamefunguliwa kagua hosi na unene wa pedi, na hakikisha pistoni za kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) zinarudi. Kalipa iliyoganda inachemsha hata mafuta mapya.