Orioles kumtoa Grayson Rodriguez: tatizo letu ni warushaji au wapigaji?

Mleta mada: Wakuu, timu yetu ya besiboli Marekani, Baltimore Orioles, imempeleka mrushaji Rodriguez timu ya Angels na kumchukua mpigaji Taylor Ward. Rodriguez alibakiza miaka 4 chini ya klabu, Ward ana mmoja tu. Timu imemaliza 2025 na ushindi 75, vipigo 87, mkiani mwa kundi, halafu inagawa mrushaji? Mike Elias, bosi wa kusajili wachezaji, ni yule yule. Kuanzia 2019 hadi 2024, chaguo lake la kwanza kwenye drafti (ugawaji wa wachezaji chipukizi kwa timu) ni mpigaji kila mwaka: Rutschman, Kjerstad, Cowser, Holliday, Bradfield, Honeycutt.

Mzee wa Camden: Rodriguez hakugusa uwanja msimu mzima wa 2025, mkuu. Ward kapiga homurani 36 (mapigo yanayovuka ukuta wa uwanja), na anapigia upande wa kulia. Henderson, Holliday, Cowser, Kjerstad, wote wa kushoto, na hao husumbuliwa na mrushaji wa kushoto! Mchujo wa baada ya msimu wa 2024 mmeusahau? Cole Ragans wa Royals, mrushaji wa kushoto, alitufunga mdomo awamu 6 kati ya 9 za mechi. Mrushaji wetu Burnes akarusha awamu 8, karuhusu pointi 1, tukalala 1-0. Kesho yake 2-1. Mrushaji afanye nini zaidi?

Kiwiko: Hizo ni mechi 2. Mimi naangalia msimu. Mrushaji wetu Bautista alipasuliwa kano ya kiwiko Oktoba 2023, kisha Juni 2024 wakafuata warushaji wenzake Means, Bradish na Wells, wote mwezi mmoja. Kano ile ikikatika, mrushaji yuko nje mwaka mzima au zaidi, kwa hiyo anayetaka warushaji watano wa kuanzisha mechi kwa zamu aandae 8 au 9. Sisi? Burnes kaondoka kwenda Arizona kwa dola milioni 210, tukaleta Morton wa miaka 41 kwa milioni 15 na Sugano wa miaka 35 kwa milioni 13, mwaka mmoja mmoja. Katikati ya Mei 2025 tuko ushindi 15, vipigo 28, kocha Hyde kafukuzwa. Hapo Elias hana pa kujificha.

Norfolk: Mrushaji Trevor Rogers je? Julai 2024 tuliwatoa wapigaji Stowers na Norby kumpata. Mechi 4, wastani wa kuruhusu pointi 7.11 kwa awamu 9, akashushwa ligi ndogo, humu ikawa matusi. 2025 kaanza mechi 18, wastani 1.81. Stowers naye kule Miami kapiga homurani 25. Biashara ya warushaji haihukumiwi kwa miezi miwili.

Mzee wa Camden: Na ukuta wa kushoto wa uwanja wetu, uliorudishwa nyuma 2022 na kupandishwa toka futi 7 hadi 13, umesogezwa mbele 2025. Ward, mpigaji wa kulia, atafaidi.

Mleta mada: Akiondoka mwisho wa 2026 tunabaki na nini?

Norfolk: Akikataa ofa ya klabu ya kubaki mwaka mmoja zaidi akaenda kwingine, tunapata chaguo la ziada kwenye drafti, kama tulivyopata kwa Burnes na mpigaji Santander.

Kiwiko: Machaguo hayo mawili 2025 yalikwenda kwa mdakaji (anayedaka mipira ya mrushaji) na shotistopu (mlinzi kati ya kituo cha pili na cha tatu). Hakuna mrushaji hata mmoja!