Mrejesho: bedsita yangu ya Kisumu na ile shilingi 12,000

Wadau, mwezi uliopita niliwauliza nianze na nini kupamba bedsita (chumba kimoja cha kupanga) yangu ya kwanza, mfukoni nikiwa na 12,000 tu. Wengi mlisema pazia kwanza, sofa baadaye. Asanteni, sofa nimeisahau kabisa.

Jumapili asubuhi nilidamkia soko la Kibuye. Pazia mbili nzito za mitumba, 1,400 baada ya kubishana na mama muuzaji mpaka tukacheka. Jua la Kisumu linachoma kupitia dirisha kuanzia saa nane, kwa hiyo zile nyepesi za kupendeza singezifaidi. Halafu nikashuka Dunga, ufukweni mwa ziwa, kutafuta mkeka wa mafunjo. Huo ndio umebadilisha chumba. Wageni huuona kabla hata hawajaniona mimi.

Sasa kosa langu. Wewe uliyenionya nisipake rangi ukuta unaopakana na bafu, ulikuwa sahihi, nami nikajifanya fundi. Wiki mbili, rangi imevimba malengelenge na kubanduka. Fundi halisi alipokuja akaniambia unyevu unatoka ndani: bomba linavuja, kwanza lizibwe, rangi ikwanguliwe, ukuta ukauke, ndipo upakwe tena. Mwenye nyumba amekubali kulipia bomba. Rangi ni juu yangu, nimejitakia mwenyewe.

Zimebaki 2,300. Nazitunzia rafu ya mbao, maana sufuria bado ziko sakafuni na sitaki kuzipiga picha.