Wakuu, programu moja ya kuediti video inatosha kazi zote au nigawe?

Mpiga_Matukio
Wakuu habari zenu, naomba kueleweshwa. Nafanya video za aina tatu. Kuna matukio marefu kama harusi na makongamano, hapo ni kamera tatu za 4K na rekoda ya sauti pembeni. Kuna vipande vifupi vya wima vya kurusha mitandaoni, hivi vinatakiwa siku hiyohiyo maana kesho yake hakuna mtu wa kuviangalia. Halafu kuna masomo, narekodi skrini ya kompyuta huku naelezea.

Zote naziediti kwenye programu moja na kila moja inanitesa kivyake. Kamera tatu zikicheza pamoja laptopu inaganda, na kwenye masomo sauti inaanza vizuri tu ila ukifika dakika ya ishirini hivi nasema "bonyeza hapa" wakati mshale ulishabonyeza zamani. Laptopu ni Windows, RAM 16 GB, kadi ya picha ya kawaida. Nihamie programu gani itakayobeba yote? Na hizi za kulipia zinazidi nini hasa kuliko za bure?

Rangi_Kwanza
DaVinci Resolve mkuu, wala usihangaike. Toleo la bure haliweki chapa yao kwenye video yako na linatoa mpaka 4K ya fremu 60 kwa sekunde. Kukata humo humo, madoido unaenda ukurasa wa Fusion, sauti Fairlight, na rangi ndo nyumbani kwao kabisa, maana da Vinci walikuwa wanatengeneza mitambo ya kusahihisha rangi za filamu kabla Blackmagic Design, wenye Resolve sasa, hawajawanunua mwaka 2009. Toleo la Studio unalipa mara moja basi, sio kila mwezi. Utalihitaji ukitaka mfano kuondoa zile chembechembe za picha zilizopigwa gizani, kwenye la bure hiyo haipo.

Kipande_Kifupi
Nakubali kwa harusi ila kwa vipande vya siku hiyohiyo sikubali, kufungua Resolve kwa ajili ya video ya sekunde arobaini ni kupoteza muda. CapCut unaimaliza ukiwa bado ukumbini, kwenye simu hiyohiyo, maandishi ya maneno inayatoa yenyewe ukayasahihisha, umbo la 9:16 liko tayari. Angalizo tu, vitu vingi vilivyokuwa bure wamevihamishia upande wa kulipia, kwahiyo kabla hujaweka doido lolote angalia kama lina alama ya Pro, usije ukafika kwenye kutoa video ndo ikakwambia lipia wakati mteja anasubiri. Na kama unataka kuchomoa tu dakika mbili za hotuba kutoka kwenye faili la saa nzima, tumia LosslessCut. Ni bure, haitengenezi video upya, inakata ilivyo, sekunde chache ushamaliza na ubora haujaguswa. Ila mkato unaangukia kwenye fremu kamili (picha iliyohifadhiwa nzima) iliyo karibu nyuma yake, kwahiyo unaweza kupata kipande kidogo cha ziada mwanzoni.

Meza_ya_Montaji
Ndugu mleta mada, kabla hujahamia kokote nakuomba uangalie mafaili yako, maana matatizo yote mawili uliyoyataja utahama nayo hata ukinunua programu ghali kuliko zote.

Tuanze na kuganda. Kamera nyingi zinarekodi H.264 au H.265, na hizi kodeki, yaani njia za kubana video, hazihifadhi kila fremu nzima, zinahifadhi fremu kamili moja halafu zinazofuata zinaandika yale yaliyobadilika tu. Ndo maana faili linakuwa dogo. Lakini ukisogeza mshale katikati ya taimulaini, ule mstari wa kupangia vipande, kompyuta inabidi irudi mpaka kwenye fremu kamili ya nyuma ianze kuijenga hiyo unayoitaka, sasa zidisha mara kamera tatu za 4K kwa wakati mmoja, laptopu lazima itoke jasho. Dawa ni proksi. Unaiambia programu itengeneze nakala nyepesi za 1080p kwa kodeki kama DNxHR LB au ProRes Proxy, unakata ukitumia hizo, ukifika kutoa video programu inarudi kwenye mafaili halisi. Nafasi ya diski jiandae, kwa 1080p ya fremu 30 ni kama 20 GB kwa saa, na una kamera tatu. Ukiona nyingi teua proksi za nusu au robo ya ukubwa, kwa kuchagua kamera hiyo inatosha kabisa. Premiere Pro inafanya, Resolve inafanya, Final Cut Pro inafanya, Kdenlive nayo inafanya.

Sasa sauti kuachana na picha. Hapo nahisi kabisa programu yako ya kurekodi skrini inatoa faili ambalo idadi ya fremu kwa sekunde inabadilikabadilika, skrini ikitulia zinapungua, ikichangamka zinaongezeka. Simu nyingi nazo ziko hivyo. Programu nyingi za kuediti zinataka kasi isiyobadilika, zikikutana na faili la namna hii zinakisia, na kosa linajikusanya kidogokidogo ndo maana mwanzoni huoni kitu. Pakua MediaInfo, ni ya bure, fungua faili lako uangalie mstari wa Frame rate mode. Ukikuta Variable, jibu umelipata. Lipitishe HandBrake, programu ya bure ya kugeuza mafaili ya video, sehemu ya Video chagua Constant Framerate, halafu ndo uingize kwenye kuediti.

Mpiga_Matukio
Daah asante sana mkuu, nimeangalia sasa hivi, masomo yote ni Variable! Mafaili ya kamera yote Constant. Sasa mbona kwenye kongamano la saa mbili sauti ya rekoda nayo inapishana na kamera mwishoni, ingawa ni kidogo sana?

Meza_ya_Montaji
Hilo ni tatizo jingine. Rekoda na kamera kila moja ina saa yake ya ndani na haziendi sawasawa kabisa, kwa muda mrefu zinapishana fremu chache. HandBrake haitakusaidia hapo. Linganisha kwa mawimbi ya sauti mwanzoni, Resolve inafanya yenyewe mradi kamera nayo ilirekodi sauti hata kama ni mbovu, halafu kwenye mapumziko ya shughuli kata sauti ya rekoda uisogeze kidogo irudi kwenye mstari. Ukikata penye kimya au makofi hakuna atakayesikia.

Kwa masomo hamia OBS, programu ya bure ya kurekodi skrini, inatoa kasi isiyobadilika. Rekodi kwa mkv sio mp4 ya kawaida, umeme ukikatika katikati mkv unabaki na ulichorekodi, mp4 inaweza isifunguke kabisa. Ukimaliza nenda menyu ya File, Remux Recordings, inageuza kuwa mp4 kwa sekunde chache. Na maikrofoni iweke kwenye traki yake peke yake.

Penguini
Naongezea kwa wanaotumia Linux maana Resolve inasifiwa tu bila hili kusemwa. Huko toleo la bure halisomi H.264 wala H.265, kwahiyo video ya kamera yako inaingia bila picha na mtu anadhani ameharibu kitu. Mimi masomo yangu yote Kdenlive, ni ya bure na huria, inakubali karibu faili lolote, na faili la mradi ni XML, maandishi tu, unalinakili mwenyewe popote. Rangi haifiki Resolve, hilo nakubali, lakini somo la skrini linahitaji rangi gani?

Dada_Mhariri
Kuhusu swali lako la za kulipia. Premiere nailipia kila mwezi kwa sababu wateja wangu wanaleta miradi ya After Effects, programu ya madoido ya kampuni hiyohiyo ya Adobe, na nikibadilisha kitu huko kinabadilika kwenye taimulaini yangu bila kutoa video kwanza. Bila wateja hao nisingeilipia. Final Cut ni nyepesi mno ila ni ya vifaa vya Apple tu, kwako haipo. Avid Media Composer ni kwa timu, wahariri wengi ndani ya mradi mmoja bila kukanyagana, wewe peke yako haina kazi.

Kwa ulivyoeleza: Resolve na proksi kwa harusi, CapCut na LosslessCut kwa vipande, OBS kwa masomo na uyaediti humo humo kwenye Resolve.

Mpiga_Matukio
Sawa dada, Resolve inashuka sasa hivi. Mradi wake unahifadhiwa wapi, nataka nakala kwenye diski ya nje.

Rangi_Kwanza
Hutaona faili kwenye folda yako, inaweka miradi kwenye database yake. Nenda Project Manager, bonyeza kulia kwenye mradi, Export Project, inakupa faili la .drp. Fanya hivyo kila jioni, lakini hilo faili halibebi video zenyewe, hizo zinakili kivyake.