Hadubini itoke darasani, skrini iingie? Tujadiliane, watu wa Kisumu na Nakuru

Mwanzisha mada (fundi wa maabara na mwalimu wa vitendo, Kisumu)

Juma lililopita mwanafunzi wa udaktari aliniuliza swali ambalo sijalijibu vizuri mpaka leo. Nilikuwa nawafundisha kutengeneza slaidi ya malaria: tone nene la damu upande huu, tone jembamba upande ule, yakauke, lile jembamba liguswe na methanoli, lile nene lisiguswe, kisha rangi ya Giemsa. Akainua mkono. "Mwalimu, kwa nini nihangaike na rangi ilhali picha ziko kwenye tableti?"

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana ndilo jambo lililo mezani chuoni kwetu. Kuna pendekezo kwamba badala ya kuongeza hadubini tununue skana moja ya slaidi, yaani mashine inayoipiga slaidi nzima picha, wanafunzi wasomee kwenye skrini. Watafiti nao wanazitaka picha hizo hizo wafundishie programu ya akili unde kutambua vimelea.

Nauweka msimamo wangu wazi, msije mkasema nimejificha nyuma ya swali. Kwa patholojia, yaani slaidi za vipande vya nyama ya mwili wenye ugonjwa, skrini iingie hata kesho. Nina slaidi moja tu nzuri ya limfoma ya Burkitt, ile saratani inayovimbisha taya za watoto ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Uganda, na ambayo sisi wa ukanda wa ziwa tunaijua kwa macho. Ukiitazama unaona seli nyeusi zimesongamana, na katikati yake madoa meupe kama nyota usiku wa giza. Rangi imeanza kufifia na kona moja imemeguka. Siku itakayoanguka sakafuni, ndio basi. Ikipita kwenye skana, darasa zima linaiona, na Eldoret na Kakamega pia.

Kwa malaria nasita. Semeni.

Mwanafunzi, mwaka wa 3

Mwalimu, kwa heshima, wewe una hadubini yako. Sisi tuko sita kwa moja. Zamu yangu ikifika, aliyenitangulia ameshasukuma slaidi, kile kimelea ulichotuonyesha hakipo, nami naona haya kusema sioni kitu. Natikisa kichwa, "ndiyo, nimeona." Nusu ya darasa hutikisa kichwa hivyo hivyo, sasa mmejua. Kwenye skrini unazungushia duara na sote tunajua tunazungumzia kitu kimoja, halafu usiku hosteli nairudia kwenye simu. Mkisema tubaki na hadubini, semeni pia zitatoka wapi.

Mstaafu wa maabara, Nakuru

Kijana kasema kweli. Hata sisi tulitikisa vichwa.

Lakini kabla ya kununua chochote, ulizeni skana hiyo ina lenzi gani. Malaria inasomwa kwa lenzi ya 100, ile inayokuza mara 100, yenye mafuta. Skana nyingi za slaidi zimeundwa kwa lenzi ya 20 au 40, bila mafuta, kwa sababu zilikusudiwa nyama za patholojia. Halafu tone nene lina kina. Unaposoma, vidole haviachi kuzungusha fokasi, huku unatazama kinachojitokeza na kinachozama. Chembe ya rangi iliyoganda, ambayo mtu huidhania kimelea, hukaa juu ya tone: seli nyeupe zikionekana sawasawa, yenyewe inapotea. Ndivyo tulivyofundishwa kutodanganywa nayo. Picha ya tabaka moja haikupi nafasi hiyo, na ukitaka tabaka nyingi, faili moja ambalo tayari laweza kufika gigabaiti 1 litakuwa mzigo. Bando la nani?

Na kabla ya kuandika "hakuna vimelea" pitia sehemu 100 za slaidi, si zile 10 mnazopitia mkiwa na njaa. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Mwanafunzi, mwaka wa 3

Mbachao wenyewe una matundu, mzee wangu. Hadubini mbili kati ya nne tulizo nazo, lenzi zimeota kuvu.

Kliniko (tabibu), upande wa Nyando

Nimesoma yote na naona mnagombania dirisha huku mlango uko wazi.

Mama aliniletea mtoto aliyemaliza dawa za malaria wiki mbili nyuma, homa imerudi. Kipimo cha haraka kikasema chanya. Sasa, kipimo chetu hicho hunasa HRP2, protini ya vimelea vya malaria, ambayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, kwa hiyo chanya ile haikunisaidia. Nikaomba slaidi. Majibu: hakuna vimelea. Nikaenda mwenyewe kuitazama. Tone nene kama uji wa wimbi, rangi imeganda kila mahali. Ningeliaminije jibu lile? Nikampa dawa tena na kumpeleka rufaa. Ikaja kujulikana ni maambukizi ya mkojo.

Mnaouliza kama mashine isome au mtu asome, niambieni mashine ingesoma nini pale. Na msiwalaumu makliniko wanaoandika dawa za malaria wakati slaidi inasema hapana. Tumeumwa na nyoka.

Mtafiti, Kisumu

Hilo la uji nakubali. Ila msiifanye mashine mchawi. Machi 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu za kompyuta zisome eksirei za kifua katika kuchuja kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi, hata pale ambapo hakuna mtu wa kuzisoma. Vituo vingapi huku kwetu vina mtaalamu wa eksirei? Fundi wa maabara msimu wa mvua, foleni imetoka nje ya geti, ikifika saa kumi jioni macho yake hayaoni tena. Mashine haina macho ya kuchoka.

Mstaafu wa maabara, Nakuru

Mwanangu, umesikia ya Poland? Utafiti ulichapishwa 2025. Madaktari wanaochunguza utumbo kwa kamera walikuwa wakipata vinyama vya hatari kwa 28.4% ya wagonjwa. Akili unde ilipoletwa wakaizoea, siku wanazofanya bila hiyo wakawa wanapata kwa 22.4%. Na hao ni wazoefu.

Mtafiti, Kisumu

Naujua. Kwa mwanafunzi ni vibaya zaidi: yeye hana hata cha kupoteza. Hapo nawapa.

Mama wa Kondele, muuza mitumba

Mimi si wa hospitali, wanangu, nimepita tu. Damu ya mtoto wangu mkishaipiga picha na kufundishia kompyuta, mimi mliniuliza saa ngapi?

Mtafiti, Kisumu

Mama, jina hutolewa kwenye picha kabla ya chochote. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Lakini sitakudanganya: fomu unayotia sahihi mtoto akilazwa huzungumzia matibabu. Programu haitajwi. Umenishika.

Mama wa Kondele, muuza mitumba

Basi itajeni. Kwa Kiswahili au Dholuo, nisome mwenyewe.

Mwanzisha mada

Asante mama, hilo nalipeleka kikaoni kama lilivyo.

Nimebadilika kidogo, nami nakiri. Nilikuwa nawaza kusoma tu, huyu wa Nyando amenirudisha kwenye mkono. Nitakalopendekeza ni hili: patholojia iende kwenye skrini, sehemu ya pesa ya skana isafishe zile lenzi. Kwa malaria, kila mwanafunzi atengeneze slaidi yake mwenyewe, aandike namba yake, tuibandikie kamera ya hadubini na kuitazama pamoja kwenye ukuta, wote, kabla sijauliza kuna kimelea gani. Alama za kwanza zitatolewa kwa slaidi yenyewe. Aliyepika uji ataonekana na darasa zima, na hapo hakuna kutikisa kichwa. Tunaanza Jumatatu, saa mbili asubuhi.

Mwanafunzi, mwaka wa 3

Sawa mwalimu, niko tayari. Lakini Giemsa ya darasani iliisha Alhamisi.