Matundu ya bolti za M8 kwenye pleti ya 6 mm yanatoka umbo la yai, chini yanabana (meza ya CNC plasma, yaani tochi ya mwale wa moto inayoendeshwa na kompyuta)

PletiSita
Habari wakuu. Nakata stendi ya grenda ya mezani kwa pleti ya chuma laini ya 6 mm. Kitako kina matundu manne ya bolti za M8, nimeyachora 9 mm, na miguu inaingia kwenye kitako kwa ulimi na tundu kabla ya kuchomelea. Plasma ni ya 45 A kwa hewa ya kompresa, kasi ni 1,500 mm kwa dakika kila mahali, kidhibiti cha kimo cha tochi kimewashwa muda wote. Mkato wa nje unatoka safi. Matundu ndiyo yananishinda: juu napima 9.3 mm, chini 8.1 mm, umbo ni la yai, na pale mkato unapojifunga panabaki kidonda. Ndimi nazo haziingii bila nyundo. Nozeli na elektrodi ni mpya. Nianzie wapi?

MkatoSafi
Mkuu, kabla hujagusa namba yoyote, jua kwanza kama kosa ni la meza au la moto. Funga kalamu ya wino mahali pa tochi, weka karatasi ngumu, endesha faili hilohilo kwa kasi ileile. Duara likitoka bapa kwenye ncha nne, yaani pale X au Y inapogeuza mwelekeo, una ulegevu kwenye mkanda, gia au reli, na hakuna mpangilio wa plasma utakaouponya. Kalamu ikichora duara kamili, meza yako ni nzima, shughulika na moto.

Angalia pia mchapuko, yaani jinsi mashine inavyoweza kubadili kasi au mwelekeo haraka. Ukitoa nusu ya upana wa mkato, tochi inazunguka kwenye nusu kipenyo cha kama 3.7 mm. Kwa 1,500 mm kwa dakika (25 mm kwa sekunde) inahitaji mchapuko wa karibu 170 mm/s². Ukiwa umeweka chini ya hapo, mashine itapunguza kasi yenyewe bila kukuambia, au itakata kona ili iwahi.

TochiWima
Hiyo tofauti ya 9.3 juu na 8.1 chini ni moto kuchelewa. Kwa kasi kubwa ncha ya chini ya mwale inaburuzwa nyuma, na kwenye duara dogo haipati nafasi ya kuifikia ya juu. Shusha kasi ya matundu hadi asilimia 60 ya kasi ya mkato wa nje, kwako iwe 900. Kwa kasi hiyo hata ule mchapuko unaohitajika unashuka hadi kama 60 mm/s².

Kidhibiti cha kimo kizime ndani ya matundu, na hili wengi hawalifanyi. Kinapima volti za mwale. Tochi ikipunguza mwendo mkato unapanuka, volti zinapanda, nacho kinadhani tochi iko juu, kinaizamisha. Mwishoni mwale unapofika kwenye uwazi uliokwisha kukatwa volti zinaruka tena, tochi inazama tena. Sehemu ya kidonda chako inatoka hapo. Toboa kwa kimo cha 3.8 mm, shuka hadi 1.5 mm, kifunge hapo mpaka tundu liishe.

Sehemu nyingine ya kidonda ni njia ya kutokea, yaani kipande cha mwendo ambacho tochi hutoka nacho kwenye mstari mwisho wa mkato. Kwenye tundu iondoe kabisa. Anzia katikati, ingia kwenye mstari kwa tao, kisha moto uzimwe karibu na mwisho huku tochi ikiendelea kusogea.

Mwelekeo nao. Kwa nozeli za kawaida hewa huzunguka kiasi kwamba upande wa kulia wa mwendo ndio unaosimama wima, wa kushoto unalala. Kwa hiyo mzunguko wa nje ukatwe kufuata saa, matundu kinyume cha saa. Kata herufi R moja: ikitoka kama kwenye kioo, mhimili mmoja umegeuzwa na pande zako nzuri zote zinaishia kwenye chakavu.

UlimiNaTundu
Kuhusu ndimi: pima upana wa mkato wako, usiuchukue kwenye kitabu. Chora mraba wa 50 mm, kata juu ya mstari bila fidia (programu isisogeze tochi pembeni kufidia upana wa mkato). Ukipata 48.4, mkato ni 1.6 mm, ndiyo namba ya kuweka kwenye programu. Kisha pima pleti yenyewe kwa kalipa, maana ya 6 mm mara nyingi si 6.0, na upana wa tundu uwe unene halisi pamoja na 0.3 mm. Kona za ndani za tundu zitabaki na mviringo, kwa hiyo kata pembe za ulimi kidogo la sivyo utakwama hapo. Kabla ya kuchomelea pitisha grenda kwenye kingo: hewa huacha nitrojeni kwenye chuma kilichokatwa, nayo huleta vitundu kwenye mchomeleo. Kingo hizo ni ngumu pia, ndiyo maana kupanua kwa keekee tundu lililokatwa na plasma kunamaliza meno haraka. Kwa bolti za M6 kwenye pleti hii usikate. Tia alama ya katikati, toboa kwa keekee.

PletiSita
Asanteni sana. Kalamu imeonyesha bapa upande wa X tu. Puli ya mota ilikuwa imelegea kwenye shafti. Nimekaza, nimeweka 900, kidhibiti kimezimwa, kinyume cha saa: juu 9.1, chini 8.8. Bolti inapita. Kinga ya mbele ya grenda nataka kuikata kwa alumini ya 3 mm kwenye meza hiihii, ambayo chini ya pleti ina beseni la maji. Kuna la kubadilisha?

TochiWima
Usiikate juu ya maji hayo, ndugu. Matone ya alumini iliyoyeyuka yanaingiliana na maji na kutoa haidrojeni, inajikusanya chini ya pleti, na mwale unaofuata unaiwasha. Tope la alumini lililotua chini linaendelea kuitoa hata baada ya kazi. Mwaga maji, safisha tope lote, kata pakavu penye feni ya kuvuta moshi.