UKOO WETU UJIJI: Zuberi anaanza awali

Mama Zuberi: Asalaam aleikum wanandugu. Shikamooni wakubwa. Zuberi nimeshamwandikisha awali, Januari anaanza. Walitaka cheti cha kuzaliwa tu. Sasa roho iko juu, mtoto hajui kuandika hata herufi moja 😩

Bibi Ujiji: Marahaba mwanangu. Hongera kwa mume wangu. Sikio anagusa?

Ba'mdogo Dar: 😂😂 Bibi na mambo ya kupitisha mkono juu ya kichwa! Mimi haukufika, nikarudishwa nyumbani kuchunga mbuzi.

Shangazi Mwalimu: Waaleikum salaam. Shikamoo mama. Siku hizi ni cheti: miaka mitano awali, sita darasa la kwanza. Mama Zuberi, herufi tuachie sisi, ndiyo kazi tunayolipwa. Niambie, chooni anakwenda mwenyewe?

Mama Zuberi: Anakwenda wifi, ila kaptula namfungua mimi.

Shangazi Mwalimu: Hapo sasa. Watoto wamejaa darasani, mwalimu mmoja. Akibanwa atahangaika na kifungo mpaka yamkute, wenzake wamcheke, na kesho yake kumtoa kitandani ni vita. Fundi amshonee kaptula ya mpira kiunoni. Zipu na mkanda achana navyo. Viatu navyo viwe vya kubandika, kamba bado.

Ba'mdogo Dar: Mkanda wa ngozi nimeshautuma na mtu wa treni jana 🙈

Bibi Ujiji: Atavaa Idi.

Mjomba Kasulu: Lakini dada, wenzake wanaingia wanajua mpaka kusoma. Mimi ndiye niliyesema anunuliwe daftari, akalishwe kila jioni, a e i o u.

Mama Zuberi: Nimemkalisha kaka. Jana katupa penseli uani, kasema shule haendi.

Shangazi Mwalimu: Mnatuletea watoto wameshaichukia penseli, halafu mnatuuliza mbona hawaandiki. Vidole vipate nguvu kwanza. Apukuchue mahindi, achambue maharage, afinyange magari ya udongo. Mama akianika dagaa, ampe Zuberi ungo atoe takataka mojamoja, kwa kidole gumba na cha shahada. Penseli inashikwa na hivyohivyo.

Bibi Ujiji: Huyo dagaa anamla mbichi, ungo utabaki mtupu 😂

Mjomba Kasulu: Sawa, daftari lipumzike. Ila jingine: tangu akae kwangu, akiwa na haraka ni Kiha tupu kinamtoka.

Shangazi Mwalimu: Si kosa, wala msimkataze. Mama yake amwambie tu mwalimu mapema, maana wengine tumepangiwa kutoka mikoa ya mbali. Na azoeshwe kusema "mwalimu, naomba kwenda chooni", "mwalimu, naumwa tumbo". Kuna watoto wanashinda na homa kimya kwa kuona haya. Chezeni shule hapo uani, mama awe mwalimu.

Bibi Ujiji: Fimbo ninayo.

Shangazi Mwalimu: Mama, hapana 😂😂 Ndicho hasa asichotakiwa kusikia. Na mjomba mtu naye aache ile "subiri uende shule utanyooshwa". Mnamtisha, kisha mnashangaa analia getini.

Mjomba Kasulu: 🤐

Mama Zuberi: Kuniacha mimi nadhani hatasumbua, si anakwenda madrasa?

Shangazi Mwalimu: Madrasa yuko na dada yake, bega kwa bega. Huku yuko peke yake. Siku ya kwanza usimtoroke! Wengi wanasubiri mtoto ageuke, wanachomoka. Akitazama hakuoni, kilio chake kinaambukiza darasa zima, na kesho anakung'ang'ania kanga tangu nyumbani. Muage anasikia: "Mtaimba, mtakunywa uji, halafu nakuja kukuchukua." Ondoka. Usirudi kuchungulia dirishani, tunawaona.

Mama Zuberi: Na akilia?

Shangazi Mwalimu: Atalia. Wengi wananyamaza mama hajafika hata barabarani. Ila kumchukua, uwahi. Akibaki wa mwisho peke yake, kesho hatakuamini tena.

Ba'mdogo Dar: Uji nao ni bure?

Shangazi Mwalimu: Ada ndiyo iliyofutwa tangu 2016. Uji wazazi mnachangia, mahindi na sukari, mtakavyokubaliana kikaoni. Mama Zuberi, kikao usikikose. Na tamthilia za usiku mpunguzie kuanzia wiki hii, alale mapema.

Mama Zuberi: Tamthilia anaangalia na bibi yake…

Bibi Ujiji: Mimi nalala zangu mapema.

Mama Zuberi: Haya mama 😄 Bado viatu na begi. Baba yake yuko ziwani, mpaka arudi.

Ba'mdogo Dar: Viatu vyangu. Vya kubandika, nimesikia. Nitume namba ileile?

Mama Zuberi: Ileile shemeji. Na ya kutolea usisahau 🙏